Shimo la Mnong'onezi

Kazi yangu ni kunong'ona.
Miaka kumi na tisa nimo katika shimo hili chini ya jukwaa,
hapa Ostrava, na taa moja, na chupa ya chai,
viatu vya waigizaji usawa wa macho yangu,
nikiwarushia maneno yaliyowaponyoka.

Februari, Radim akatuletea tamthilia yake.
Mtu anaingia, ndoo ya bati kichwani.
Anasema: "Leo kuna mwanga mzuri."
Wa pili anaingia, anamtazama, anatoka,
anarudi na ndoo.
Basi. Saa moja na nusu, ndoo kumi na nne,
na Vlastimil peke yake, kichwa wazi,
akiuliza kama kuna bomba limepasuka.

Usiku wa kwanza watu walicheka hadi wakakohoa.
Usiku wa pili walicheka pale pale walipocheka wale wa jana.
Usiku wa tatu bibi mmoja wa safu ya nne
akaja na ndoo yake ya kulishia kuku.
"Nataka kuelewa vizuri," alimwambia Květa,
yule anayetunza makoti.
Květa akamwandikia namba.

Kufika Ijumaa namba zilikwisha.
Duka la vyuma karibu na kituo cha tramu
likabandika dirishani:
NDOO HAKUNA. SUFURIA ZIPO.

Jumamosi nilichungulia.
Ukumbi mzima bati.
Watu mia tatu na sita, kimya kama ghala,
kila pumzi ikimrudia mwenyewe.
Sijui walikuwa wanatazama nini.
Lakini makofi! Vijiko juu ya ndoo,
jengo likatetemeka, vumbi la makaa la tangu vita
likanidondokea ndani ya chai.
Debe tupu haliachi kuvuma, husema watu.
Haya hayakuwa matupu.
Mle ndani alikuwemo daktari wangu wa meno.
Alikuwemo mwalimu wa mwanangu, nilimjua kwa soksi.

Safu ya saba, kiti cha ukingoni,
Drahomír Šindelka, mkaguzi wa tiketi za tramu,
hajavaa kitu.
Upara wake ulikuwa uking'aa taratibu,
kama yai lililosahauliwa mezani.

"Wewe, inama, unatuziba!"
walimfokea, na ndoo zimewafika mabegani.
"Anajiona nani?"
Hakujiona yeyote. Alilipa kroni zake
aje kutazama mchezo.

Wa kwanza alirusha ngumi ikampita, maana haoni.
Wa pili akampiga wa kwanza.
Wa tatu aliomba radhi kwa kiti.
Nilicheka. Naandika hili ili lisinipotee: nilicheka.
Kisha mikono ikawa mingi mno kukosea.

Jukwaani wakasimama. Vlastimil kasahau mstari.
Akatazama chini, kwangu,
kama alivyonitazama mara elfu.
Mstari ulikuwa maneno mawili:
Jamani, vueni.

Nikanong'ona.
Akaendelea kunitazama.
Nikanong'ona tena.
Halafu nikausema kwa sauti yangu,
ambayo ukumbi ule haujawahi kuisikia,
na nikaona ameusikia, nyusi zilimcheza,
akainama, akavuta nyuma ya pazia
ndoo ya kumi na tano,
isiyokuwemo katika mswada.

Radim alisema ndilo onyesho bora la msimu.
Watu wa gari la wagonjwa waliingia kwa mlango wa nyuma
wasiharibu mwisho.
Květa akarudisha ndoo zote, kila mtu na yake,
hakuna hata moja iliyopotea,
na kofia moja ya sufu ikabaki bila mwenyewe.

Nikapanda tramu ya saa tano.
Hakuna aliyeniomba tiketi.

Nyumbani, chini ya sinki, ipo ndoo yangu,
ya buluu, ya kupigia deki.
Nimeiosha.
Ilikuwa safi.
Nimeiosha tena.